Korosho Tunaikata Kabla ya Mnada, Bakteria Tunawabahatisha

Oktoba ikiingia, maghala ya Masasi, Tandahimba na Newala huanza kujaa magunia. Kabla mzigo haujafika mnadani, mpimaji hufungua magunia kadhaa, huchota korosho, huzikata moja moja katikati na kutazama ndani. Iliyojaa na nyeupe huwekwa upande huu. Yenye madoa, iliyosinyaa au iliyooza, upande ule. Kisha hupima na kuandika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kwa mnada kutoka ghalani, uanze Mtwara mwaka 2007 tumezoea kwamba bei haitajwi kwa kutazama ganda. Ganda la korosho nzima na ganda la korosho mbovu hufanana, na kila aliyekulia chini ya mkorosho analijua hilo.

Sasa mtazame mgonjwa wa mkoa huohuo. Anaingia na homa, au anaungua akikojoa, au ana kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha. Tunatazama ganda. Tunaandika dawa. Akirudi baada ya siku tano hajapona, tunaandika nyingine kali zaidi, na asipopona na hiyo tunaanza kumuuliza kama kweli alimaliza dozi.

Ninaandika kutetea kipimo kimoja, cha kuotesha bakteria na kuwajaribu kwa dawa. Zaidi ya hapo, ninatetea matumizi yake yasiyosemwa sana: kuyakusanya majibu yote ya mwaka kuwa jedwali la ukurasa mmoja, ambalo mganga wa zahanati isiyo na maabara ya maana atalibandika ukutani na kulitazama kabla ya kushika kalamu. Mtwara na Lindi zina watu zaidi ya milioni 2.8 kwa sensa ya mwaka 2022. Watu wote hao wanastahili jedwali lao.

Mama yangu mdogo anaishi Newala. Mwaka mmoja alisumbuliwa na mkojo kuanzia Machi hadi Juni. Alianzia dukani, kama sisi sote. "Dokta" wa duka la dawa (kwetu kila anayeuza dawa ni dokta) akampa Septrini, ikatulia wiki moja, ikarudi. Akapewa amoksilini, ikarudi. Kituo cha afya wakautazama mkojo kwa hadubini, wakamwambia ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakamwandikia sipro; ikapungua, kisha ikarudi na homa juu. Mara ya nne aliandikiwa sindano za siku tano, akachoma tatu, nauli ikamwishia. Kufikia hapo jina la ugonjwa lilikuwa limeshabadilika likawa "UTI sugu", na jirani alikuwa amemletea namba ya simu ya mtu anayeuza unga wa mizizi kwa chupa.

Nilipompeleka kuotesha mkojo, jibu la kwanza lilisema hakuna bakteria walioota. Alifurahi, nami nikafurahi. Mtaalamu wa maabara hakufurahi. Akamuuliza kwa upole, "Mama, kabla ya kuja kwetu kuna dawa yoyote ulimeza?" Akajibu, "Nilimeza vidonge viwili vilivyobaki, mwanangu, maumivu yalizidi usiku." Dawa kidogo iliyokuwa kwenye mkojo ilitosha kuwazuia bakteria wasiote kwenye sahani ya maabara, lakini haikutosha kuwamaliza kwenye kibofu. Akaambiwa akae siku kadhaa bila dawa, arudi haraka homa ikipanda. Aliporudi, wakaota. Walikuwa Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa utumbo wa binadamu, ambao ndio chanzo kikubwa cha maambukizi ya njia ya mkojo duniani kote. Walipojaribiwa, Septrini haikuwagusa, amoksilini haikuwagusa, sipro haikuwagusa. Nitrofurantoini, dawa ya zamani iliyoanza kutumika miaka ya 1950 na isiyo na sifa yoyote mitaani, iliwazuia vizuri. Akameza siku tano. Ikaisha.

Dawa iliyomfaa ilikuwepo siku zote, na haikuwa ghali. Kilichokosekana miezi yote minne ni mtu wa kuuliza swali la mpimaji wa korosho: ndani kuna nini?

Kipimo chenyewe nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni jambo la mashine kubwa za Dar es Salaam. Njia inayotumika zaidi duniani ni ya sahani na vipande vya karatasi. William Kirby, Alfred Bauer na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliichapisha kwa utaratibu wake sanifu mwaka 1966, na hadi leo haijastaafu. Siku ya kwanza mkojo, usaha au damu hupandwa kwenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye kabati la joto. Kesho yake, kama kuna walioota, mtaalamu huwatambua, kisha huchukua wachache na kuwakoroga katika maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu wa kiasi maalumu. Ukungu huo hulinganishwa na chupa ya kipimo iitwayo McFarland 0.5, sawa na bakteria wapatao milioni 150 katika kila mililita moja. Maji yakiwa mazito kuliko hapo au mepesi kuliko hapo, jibu lote linaharibika.

Kijiti chenye pamba huchovywa humo, hukamuliwa ukingoni mwa chupa, na kupakwa sahani nzima kwa pande tatu ili bakteria wasambae bila kuacha upara. Kabla dakika 15 hazijapita, vipande vya karatasi vya duara, kila kimoja milimita 6 na dawa yake na kiasi chake, hupangwa juu. Kikishagusa chakula hakisogezwi tena, maana dawa imeanza kutoka papo hapo. Sahani hugeuzwa chini juu na kulazwa katika nyuzi joto 35 kwa saa 16 hadi 18.

Usiku huo mbio mbili hukimbizwa kwenye sahani moja. Dawa inasambaa kutoka kwenye karatasi kama moshi wa ubani kutoka kwenye chetezo: karibu ni mzito, mbali ni mwepesi. Bakteria nao wanazaliana. Mahali ambapo dawa bado ilikuwa nzito ya kutosha pale bakteria walipokuwa wakijaribu kuota, panabaki peupe. Ilipokuwa imeshakuwa nyepesi mno, panafunikwa. Asubuhi unaona utandu wa kijivu umejaa sahani nzima, na katikati yake maduara safi kuzunguka baadhi ya karatasi. Karatasi nyingine zimezungukwa na utandu mpaka ukingoni, kana kwamba hazina kitu. Mtaalamu hupima kila duara kwa rula, kwa milimita, hulinganisha na jedwali la kimataifa la dawa ile dhidi ya bakteria wale, na kuandika herufi: S kwa dawa inayofaa, R kwa iliyoshindwa, I kwa iliyo katikati.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye elimu kubwa kuliko yangu. Wanatazama maduara na kuchagua dawa yenye duara kubwa kuliko zote, wakidhani ndiyo kali zaidi. Sivyo. Kila dawa husambaa kwa mwendo wake. Vankomaisini ina molekuli kubwa, hutembea polepole, na duara lake dogo linaweza kumaanisha ushindi kamili. Dawa nyingine ikiwa na duara kubwa kuliko hilo inaweza kuwa imeshindwa. Kolistini hutembea vibaya kiasi kwamba haipimwi kwa karatasi kabisa. Milimita za dawa moja zinalinganishwa na mpaka wa dawa hiyohiyo, basi.

Mpaka huo hautoki hewani. Nyuma yake kuna kipimo kingine cha mirija. Unaweka dawa kwenye mrija wa kwanza, nusu yake kwenye wa pili, robo kwenye wa tatu, na kuendelea kushuka. Kisha unatia idadi ileile ya bakteria kila mrija. Kesho yake mrija wa mwisho uliobaki maji meupe, usio na ukungu, ndio unaokuambia kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji. Kiwango hicho ndicho kinachopimwa dhidi ya swali la kitabibu: je, dozi ya kawaida inaweza kukifikisha mwilini? Tukumbuke pia kwamba vipimo hivi viwili vinapima kuzuia, si kuua. Dawa huwashika mikono bakteria, na mara nyingi kinga ya mwili ndiyo humalizia kazi. Ndiyo maana mgonjwa ambaye kinga yake imechoka, au mwenye usaha uliofungiwa ndani usiotolewa, anaweza kushindwa kupona hata kwa dawa yenye herufi S.

Chakula kile cha bakteria kina historia inayotugusa sisi watu wa pwani. Hugandishwa kwa agari, na agari hutoka kwenye mwani mwekundu. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti aliyefanya kazi na Robert Koch, bingwa wa bakteria, nchini Ujerumani, aliona mumewe akihangaika na jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto, akapendekeza agari aliyokuwa akigandishia vyakula jikoni kwake. Alikuwa amejifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Miaka 60 baadaye, 1941, John Howard Mueller na Jane Hinton wa Harvard walitengeneza mchanganyiko unaobeba majina yao mpaka leo, na ndio unaotumika kwenye kipimo hiki karibu dunia nzima. Jane Hinton, mwanamke mweusi, baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza Wamarekani weusi kupata shahada ya udaktari wa mifugo, mwaka 1949. Mwani wanaoulima kina mama wa Mtwara na Songo Songo ni wa aina nyingine, unaotoa karajinani, si agari. Ila ni ndugu wa ukoo mmoja. Nalitaja hili kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kipimo hiki ni teknolojia ngeni mno kwa kusini. Kimetokana na mwani, jiko, karatasi na rula.

Lakini urahisi wa vifaa usitudanganye. Kipimo hiki kinataka nidhamu, na kikifanywa ovyo kina madhara kuliko kutofanywa, maana mganga atakiamini. Chakula kikimiminwa kinene kuliko milimita 4, dawa inazama chini badala ya kusambaa pembeni. Duara linakuwa dogo na dawa nzuri inaitwa mbovu. Kikiwa chembamba, dawa mbovu inasifiwa. Karatasi za dawa za jamii ya penisilini huchoka upesi zikipata unyevu, na anayeijua hewa ya Mtwara mwezi Februari hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Hutakiwa kutunzwa kwenye baridi kali, pamoja na kemikali ya kufyonza unyevu, na kopo likitoka kwenye friji liachwe lizoee joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Vinginevyo unyevu wa hewa ya chumba unageuka matone juu ya karatasi. Umeme ukikatika usiku, jenereta isiwake, na kabati la joto likapoa, sahani ya asubuhi haina maana.

Kwa sababu hiyo kila maabara inayofanya kipimo hiki hutakiwa kuwa na bakteria wa mfano, wanaojulikana tabia zao dunia nzima. Kwa Escherichia coli ni wale wa namba ATCC 25922. Huwekwa kwenye sahani na kupimwa kama mgonjwa. Maduara yao yakitoka nje ya mipaka iliyoandikwa, kitu kimeharibika: chakula, karatasi, joto au mkono wa mpimaji. Majibu ya wagonjwa hayatoki mpaka kosa lipatikane. Kama ningepewa nafasi ya kukagua maabara yoyote ya mkoa kwa swali moja tu, nisingeuliza mashine gani wanayo. Ningeomba kuona daftari la bakteria wa mfano, na tarehe zake.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mjadala wetu wa afya hupenda majengo na mashine. Kusini tumepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, na tulikuwa na haki ya kuisubiri kwa hamu. Zipo mashine zinazootesha damu na kusoma usugu zenyewe, na zinapofanya kazi ni msaada mkubwa. Ila kila moja hula vifaa vya kampuni yake na humtegemea fundi wake. Mnyororo wa ugavi wetu tunaujua. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na watu wa kusini tukabaki tunatazamana. Kipimo cha mkono kina ustahimilivu ambao mashine haina: makopo ya karatasi za mwaka mzima yanaenea kwenye friji moja.

Barabara hiyohiyo inajibu pia wanaosema sampuli zisafirishwe kwenda kwenye maabara kubwa. Mkojo unaotaka kuoteshwa ushughulikiwe ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye ubaridi na usizidi saa 24. Ukikaa kwenye basi lenye joto, bakteria wachache wa ngozi wanaongezeka na kuonekana ndio ugonjwa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Usafiri wa sampuli una kazi yake, hasa kwa bakteria walioshaota na wanaohitaji kuthibitishwa. Hauwezi kuwa msingi.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, na wauguzi ndio hulitoa. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu hana siku tatu. Watafiti waliofuatilia watoto wenye maambukizi ya damu Hospitali ya Muhimbili, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, walikuta kwamba pale bakteria walipokuwa na kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii ya seftriaksoni, watoto 71 katika kila 100 walifariki. Kwa bakteria wa kundi hilohilo wasio na kimeng'enya hicho walikuwa 39. Tofauti hiyo inaamuliwa na dozi za mwanzo, kabla sahani haijasomwa. Basi kipimo cha nini?

Jibu langu ndilo kiini cha makala hii. Sahani ya mgonjwa wa leo inamsaidia yeye kidogo, kwa kumbadilishia dawa siku ya tatu. Inamsaidia zaidi mgonjwa wa kesho, mradi jibu lake halikuishia kwenye faili. Mganga anayempokea mtoto saa nane usiku atabahatisha, hilo halikwepeki. Swali ni anabahatisha kwa kutazama nini. Akiwa na karatasi ukutani inayosema kwamba mwaka uliopita, katika hospitali za mikoa hii miwili, bakteria fulani walizuiwa na dawa hii mara ngapi katika kila 100, na dawa ile mara ngapi, kubahatisha kwake kunakuwa na macho.

Jedwali la namna hiyo huitwa antibayogramu, na kanuni zake zinaeleweka. Kila aina ya bakteria iwe na sampuli zisizopungua 30 ndipo asilimia yake iaminike. Kila mgonjwa ahesabiwe mara moja tu kwa mwaka kwa bakteria walewale, kwa sampuli yake ya kwanza, maana mwenye ugonjwa sugu hurudi mara nyingi na angelijaza jedwali peke yake.

Hapo pana mtego ambao mtu wa korosho atauona haraka. Mama mdogo alioteshwa mkojo baada ya dawa nne kushindwa. Kama tunaotesha wagonjwa wa namna hiyo tu, jedwali litaonyesha usugu wa kutisha kuliko uliopo mitaani, na waganga watakimbilia dawa kali bila sababu. Ni sawa na mpimaji anayekata korosho za magunia yaliyonyeshewa peke yake, halafu akashusha bei ya ghala zima. Kwa hiyo kila mwaka zitengwe wiki kadhaa ambapo wagonjwa wa kawaida, wanaokuja mara ya kwanza, nao waoteshwe bila malipo, wa Nachingwea na Liwale sawa na wa Mtwara mjini. Gharama hiyo isibebwe na mgonjwa, kwa sababu faida yake si yake peke yake. Serikali haimtozi mkulima mmoja gharama za utafiti wa Naliendele, kituo chetu cha utafiti wa kilimo pale Mtwara.

Naliendele ni mfano ninaoupenda. Watafiti wa pale wakisema salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ipulizwe lini na kwa kiasi gani, mkulima anasikiliza, kwa kuwa majaribio yamefanywa kwenye mikorosho ya ardhi hii. Mkorosho asili yake ni Brazili, lakini hakuna mtu Tandahimba anayepuliza kwa ratiba ya Brazili. Kwa nini basi tutibu mkojo wa Tandahimba kwa takwimu za mahali pengine? Utafiti mkubwa wa HATUA, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo, kwa upande wetu ulichukua wagonjwa wa Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Ni kazi nzuri na imetufundisha mengi. Kusini haimo.

Mojawapo ya mafunzo yake linafaa kusomwa polepole. Kati ya wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuja na dalili za UTI katika nchi hizo tatu, waliothibitika kuwa na bakteria kwa kuoteshwa walikuwa takribani 35 katika kila 100. Wengine walikuwa na maumivu ya kweli, na kwa wengi wao huenda sababu ilikuwa nyingine. Fikiria ni vidonge vingapi vimemezwa kwa ajili ya bakteria ambao hawakuwepo, na kila kidonge kikipita tumboni kikiwachuja wale E. coli wa utumbo, dhaifu wakifa, wagumu wakibaki kurithi nafasi. Kwa hiyo kipimo hiki hakimchagulii mgonjwa dawa tu. Kwa wengi kinamwambia aache dawa, na daktari aanze kutafuta sukari, mawe, magonjwa ya zinaa au jambo jingine.

Sitaki lawama hizi ziangukie maduka ya dawa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, umeokoa watu wengi ambao wangetembea nusu siku kutafuta kidonge. Muuzaji pale anafanya anachoweza kwa anachokijua. Mpeni na yeye jedwali. Likiwa kwa Kiswahili, na dawa zikiwa kwa majina ambayo wateja wake wanayatamka, atajua kwamba dawa fulani imechoka katika wilaya yake na kwamba mteja huyu anahitaji kwenda kituoni badala ya kuuziwa nusu dozi.

Taifa lina Mpango Kazi wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Dunia nayo imehesabu: vifo milioni 1.27 mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikoelemea zaidi. Takwimu hizo ni kubwa mno kiasi kwamba zinapita kichwani kama upepo. Ninayoirudia mimi ni nyingine, ya mwaka 2022: katika nchi 14 za Afrika zilizochunguzwa, Tanzania ikiwemo, kati ya maabara 50,000 za tiba ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zinafanya vipimo vya bakteria. Mpango bila sahani ni karatasi juu ya karatasi.

Kinachohitajika mikoa hii miwili kinaandikika kwenye nusu ukurasa wa bajeti. Hospitali za rufaa za Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) na ile ya Kanda, pamoja na za misheni zenye historia ndefu kama Ndanda na Nyangao, zitumie utaratibu mmoja wa kipimo na fomu moja ya kuandika majibu. Bohari ya Dawa, ambayo ina ofisi ya kanda Mtwara, iweke chakula cha bakteria, karatasi za dawa na bakteria wa mfano kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuisha, kama inavyofanya kwa chanjo na dawa za malaria. Apatikane mtu mmoja, mwenye jina na mshahara, ambaye kazi yake ni kukusanya majibu hayo na kutoa jedwali kila Januari. Na wataalamu wa maabara wapewe sauti wodini. Hivi sasa wengi wao hupeleka karatasi dirishani na kurudi, wakati wao ndio waliomwona bakteria kwa macho.

Mama mdogo bado anayo karatasi yake ya majibu. Ameikunja pamoja na stakabadhi za korosho kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Mwaka uliofuata jirani yake alipata maumivu yaleyale, naye akamwazima ile karatasi aende nayo zahanati. Mganga aliisoma yote, mbele na nyuma, akamrudishia. Akamwambia, "Mama, hii ni ya mtu mmoja. Za wengine ziko wapi?"